Oili ya Mkwe

Mwanangu Aichurok,

Huku Naryn theluji imefika madirishani. Mama yako hajambo, ila anauliza mbona hupigi simu. Sababu naijua mimi.

Baba mkwe wako alipotutembelea, nilimpa kichwa cha kondoo, heshima yake. Akiwa bado anakula, nikatoka bila kumwambia nikabadilisha oili ya gari lake kuukuu, Moskvichi, nikaweka oili ya kisasa ya sintetiki kama ya gari langu jipya. Nilitaka apate kilicho bora. Sintetiki ni nyepesi, haigandi kwa baridi, tena husafisha. Lakini injini kuukuu sili zake, ile mipira ya kuzibia, zimechakaa, na uchafu ulioganda ndio unaozuia oili isivuje. Ilihitaji oili ya kawaida, nzito. Mimi, mwalimu wa fizikia, sikufikiri.

Alinipigia simu akiwa mlimani Dolon: "Mwalimu, gari langu umelinywesha nini? Limejikojolea njia nzima, sasa limekufa!" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nasikia sasa wanakuita Binti Sintetiki, na mama mkwe wako anajimiminia chai mwenyewe, kazi ambayo ni heshima ya mke wa mwana, nawe umekaa hapo hapo. Aibu ni yangu, mwanangu, si yako.

Jumamosi nakuja huko kwenu Kochkor na fundi na injini nyingine, nimwombe baba mkwe wako radhi mbele ya watu wake. Mezani kwetu kila mgeni ana mfupa wake, kwa cheo na umri wake. Nilisahau kwamba injini nazo ni vivyo hivyo. Akinipa mfupa wa watoto, ule wa chini kabisa, usilie. Nitautafuna mpaka uwe mweupe.

Baba yako,
Toktosun