Niliwasugua Wafalme wa Rumi

Dada yangu Vero,

Tangu uondoke situlii. Nafuta meza niliyokwisha kuifuta, nafungua friji nasahau nilichofuata. Hata barua hii naiandika nimesimama, jikoni kwa sir, tulipokuwa tukimfanyia kazi pamoja.

Unakumbuka siku uliponifungulia droo ya sarafu zake za fedha, za Rumi ya kale? Ulivaa glavu, ukanionyesha moja: upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili yuleyule, shuka kichwani, anamwaga kinywaji juu ya madhabahu. Mimi wa Pangani nikasema masanamu hayo yanafukuza malaika humu ndani. Wewe Mkatoliki wa Bukoba ukacheka, ukasema naye alikuwa na ibada yake, nimwache amalize. Basi kila ukipangusa vumbi nikawa nakuuliza kama mfalme ameshatoa salamu.

Ikaja Idd. Kwetu bangili ya fedha haiingii Idd ikiwa nyeusi, mama angeona aibu. Sir alikuwa safarini, wewe umekwenda kanisani Oud Metha. Nikazitoa zote kumi na mbili, nikazisugua kwa ndimu na stilwaya mpaka zikameta. Nilitaka kumfurahisha mzee wa watu. Sikujua kuwa weusi ule ndio umri wa sarafu. Madhabahu zilifutika, wafalme wakabaki bila pua.

Sir aliporudi akauliza ni nani. Nilikuwa nimeshika trei ya chai.

"Mimi, sir," ukasema.

Nilikuwa na miezi mitatu tu Dubai, na ulijua nyumbani wananitegemea. Wiki haikwisha ukapandishwa ndege, tena bila barua ya kukusifia kazi, na kwa kukosa barua hiyo wakala wa ajira amekukataa mara mbili. Mimi nikapewa chumba chako na glavu zako. Naona haya, dada. Nilinyamaza kwa woga, sina sababu nyingine.

Asubuhi hii nimemwambia. Akakunja gazeti taratibu.

"Nilijua," akasema. "Vero hakuwahi kuzigusa bila glavu."

Nikamuuliza mbona alikufukuza. Akajibu kwamba ulimdanganya ndani ya nyumba yake, na mimi nikakuacha udanganye.

Kisha akaandika barua mbili. Yako nimeisoma, inakusifu, na wakala ataipata kesho. Ya pili ni yangu, ya kuachishwa kazi. Naondoka Alhamisi. Usinililie, na tafadhali usinishukuru.

Nikifika Pangani nitakupigia. Usipopokea nitaelewa. Ila ujue kwamba sir ameniuliza nani ataweza kuzishika sarafu zake, na jina nililomtajia ni lako.

Ni mimi, mdogo wako uliyembebea kosa.