Njia Imefungwa, Baba

Manchester, 9 Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na nafuu, na kwamba baridi haiisumbui sana nyonga yako. Mimi ni mzima wa afya. Kazi katika ofisi ya wahandisi inaendelea vyema. Juma lililopita mkuu wangu alinisifu mbele ya wenzangu.

Jirani yako Bi Voirrey ameniarifu kwamba umekirudisha kizibao chako cha usimamizi wa mbio za pikipiki, ukisema asiyeweza kumkimbilia mwendesha pikipiki aliyeanguka hana kazi kando ya barabara. Baba, ulikuwa ukisimama kwenye daraja la Ballaugh tangu kabla sijazaliwa. Siwezi kuridhia kwamba kuteleza kwenye barafu mara moja kukuondoe pale. Kwa hiyo nakutumia mchezo wa video wa mbio hizohizo. Kisiwa chetu kimo chote, ukuta kwa ukuta. Maadamu hutaki kutoka nje, basi kizunguke ukiwa sebuleni.

Mwanao mtiifu,
Finlo

Ballaugh, 2 Februari

Mwanangu msomi,

Marahaba. Mimi nipo, nyonga nayo ipo, inapiga kelele kunishinda. Huko mnakula vizuri?

Finlo, umenitumia mateso. Nimeanguka mteremko wa Bray. Nimeanguka Braddan. Nimeanguka hata mahali paliponyooka, na mimi ndiye niliyeendesha basi barabara hiyo mpaka nikastaafu! Jana Voirrey kaniletea samaki wa moshi, akanikuta niko chini tena.

"Illiam, hata yule mwenye mkia mrefu anayeniibia chakula cha kuku, ambaye jina lake huku kisiwani hatulitaji kwa kuogopa nuksi, angeendesha vizuri kuliko wewe."

"Haya, shika wewe basi, mama!"

Akashika. Akaanguka kabla hajauvuka mstari wa kuanzia. Tulicheka mpaka nyonga ikalalamika. Lakini mashine yako nairudisha.

Baba yako

Manchester, 11 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa maanguko. Tafadhali usiirudishe bado. Nimeichunguza kwa makini video aliyonitumia Bi Voirrey ukicheza, na nimebaini chanzo cha tatizo: unaendesha basi.

Unashika upande wa kushoto kutoka mwanzo mpaka unapoanguka. Kona za kushoto unaziingia ukiwa umekwisha kubanwa ukutani, unazikata ghafla, na tairi linateleza. Pale Braddan ulisimama kabisa kupisha magari! Njia imefungwa, Baba. Hakuna gari linalokuja. Barabara yote ni yako. Iingie kona kutoka upande wa mbali; maliza kushika breki pikipiki ikiwa bado wima, ndipo uilaze; mafuta uyarudishe polepole.

Mwanao,
Finlo

Ballaugh, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ulisema kweli, nami nilinuna.

Sasa nafika Kirk Michael bila kuanguka. Voirrey husema nalala kwenye kona kama mtu aliye kitandani. Tatizo ni hapahapa mlangoni kwangu. Kila nikifika daraja la Ballaugh naanguka. Pale mchezoni wamemweka msimamizi, Finlo. Kizibao cha chungwa, bendera mkononi, mahali pangu hasa. Miguu yake mizima. Namtazama kidogo tu, nashtukia niko ukutani kwake.

Baba yako

Manchester, 29 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Mkono hufuata jicho. Wewe umezoea kutazama mahali mtu anapoweza kuanguka. Anayeendesha hutazama anakokwenda. Usimtazame mtu yule. Tazama barabara iliyo mbele ya daraja.

Nasikitika kukuarifu kwamba wakati wa mbio sitaweza kuja. Nimeteuliwa kuhudhuria mafunzo muhimu ofisini.

Mwanao,
Finlo

Ballaugh, 28 Aprili

Mwanangu Finlo,

Marahaba. Nimevuka! Ramsey, mlimani, mpaka Douglas, bila kugusa chini. Voirrey kapiga sufuria mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Ila nikwambie. Nilipovuka daraja, yule mtu sikumwona kabisa. Lakini nilijua yupo, ndiyo maana nikathubutu kutazama mbele. Miaka yote nilidhani kazi yangu pale ni kukimbia.

Kesho yake nilichukua mkongojo nikaenda kwa mkuu wa wasimamizi.

"Na mguu, Illiam?"

"Kwani bendera hupeperushwa kwa mguu?"

Alicheka, akanipa kizibao changu, na kiti cha kukalia pia. Ila alisema nitahitaji mtu pembeni yangu wa kukimbia badala yangu, naye bado hajapatikana. Nimemtajia jina lako. Ofisi ikikataa, nitaelewa.

Baba yako

Manchester, 6 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekata tiketi ya meli. Nitakuja mapema nifundishwe kazi. Waambie kizibao changu kiwe cha saizi ya kati.

Mkuu wangu ameuliza kama naweza kurudi walau siku moja kwa ajili ya yale mafunzo ya ofisini. Nimemjibu kwamba haiwezekani: njia itakuwa imefungwa.

Finlo wako