Nguzo Katikati ya Sebule

Jumamosi, 7 Septemba

Alhamdulillahi! Wamekubaliana. Wazee wa kina Mutasim watakuja Ijumaa ya tarehe 20 kumposa binti yetu Shadha. Jaha kamili, ujumbe wa posa — wanaume peke yao, na majoho yao na vikohozi vyao vya heshima. Shadha anajifanya hajali, lakini leo kaosha vyombo bila kuambiwa. Nimefurahi hadi nikalia peke yangu jikoni. Mwaka ulianza vibaya mno. Mume wangu Nawwaf kapigwa na kiharusi mwezi wa kwanza, upande wa kulia ukalala, maneno yakawa yanamkwama kooni. Nilidhani furaha imeshatuhama. Kumbe bado inaijua anwani yetu.

Sasa kero ni ile ile. Nguzo! Ipo katikati ya sebule, mgeni asiyejua kuaga. Nawwaf aliimwaga nene makusudi, ije ibebe ghorofa ya mwanetu Hatim. Halafu akavunja ukuta wa kati, eti sebule iwe kubwa, ienee watu. Ukuta ukaondoka, nguzo ikabaki. Hatim yuko Ujerumani, kaoa huko huko. Ghorofa hakuna. Vyuma vilivyochomoza kule juu ya paa nimevifungia kamba za kuanikia nguo.

Nimeshaibandika karatasi za maua. Nimeizungushia majani ya plastiki, yakawa makazi ya vumbi. Nikaweka vioo — mgeni mmoja akajisalimia mwenyewe! Nikavibandua.

Na hiyo Ijumaa mzee wao atakaa upande huu, wetu upande ule. Atawekewa finjani ya kahawa mbele yake, hataigusa mpaka ajibiwe ombi lake. Na kati yao zege! Watachunguliana kama watoto wanaocheza kujificha? Aibu gani hii.

Jumatatu, 9 Septemba

Shemeji Ghazi kaja, kala, kashiba, ndipo akasema. Kwamba siku hiyo kaka yake asijisumbue, akae tu kwenye kiti kizuri, yeye Ghazi ndiye atakayewajibu wageni. "Maneno ya jaha hayataki mtu wa kukwamakwama, shemeji, unajua mwenyewe." Ana nia njema, sikatai. Lakini alilisema Nawwaf akiwa pale pale, na masikio yake mazima kabisa!

Nawwaf aligeuka akaangalia dirishani mpaka Ghazi akaondoka. Kuwajibu wageni kwamba binti yake ameozwa ni haki ya baba. Miaka yote amekuwa akiingoja siku hii. Roho imeniuma sana.

Jingine: doa limerudi kwenye nguzo. Usawa wa bega, jeusi, la mafuta mafuta. Nalisugua kila wiki, na kila wiki linarudi. Nani anashikashika? Shadha kaapa si yeye.

Jumatano, 11 Septemba

Fundi wa jipsamu kamaliza! Nguzo haipo tena. Kaivalisha duara kubwa jeupe, laini, lina vishubaka vya maua na taa za rangi ya asali. Mama Laith, jirani, kaja kukagua, akazunguka mara mbili. "Hongera Mama Hatim, mmejengewa keki ya harusi. Tukate lini?" Wivu tu. Nimewasha taa, nimezima, nimewasha tena.

Nawwaf aliangalia akasema, "Nzuri." Neno moja tu, na halikumkwama.

Alhamisi, 12 Septemba

Ya Rabi!

Nimerudi sokoni na kuku wangu, naita, kimya. Namkuta Nawwaf sakafuni, chini ya ile keki. Amekaa, miguu imenyooka, kiganja cha kushoto kimejaa unga mweupe. Hakuumia, namshukuru Mungu, hakuumia hata kidogo. Nikamuuliza, Baba Hatim, umeangukaje? Akanyanyua mkono akauonyesha. Kisha akaonyesha jipsamu. Lina michirizi ya vidole, kuanzia usawa wa bega mpaka chini.

Ndipo nikaelewa. Lile doa!

Kumbe kila nikitoka, yeye anafanya mazoezi. Kutoka kitini mpaka kwenye nguzo — anaikumbatia kwa mkono mzima, anapumua. Kutoka kwenye nguzo mpaka mlangoni. Hakutaka nimwone akipepesuka. Na mimi kila wiki na sabuni yangu nasugua nyayo za mume wangu! Leo kaenda kuikumbatia, kakuta duara pana la kuteleza, mkono haujafika popote.

Nikauliza, kwa nini ulisema nzuri? Akasema, taratibu, "Ulikuwa... una... furaha."

Nikaenda jikoni nikachukua mchi wa kutwangia kahawa. Nikaipiga ile keki. Shadha kaingia anapiga kelele, "Mama, umerukwa na akili?" Nikamwambia, "Lete mchi mwingine!" Tumevunja yote. Taa, vishubaka, yote. Nawwaf alicheka hadi mate yakamtoka, na sijamsikia akicheka hivyo tangu kiharusi. Mama Laith kagonga ukuta kuuliza kama keki imeshakatwa.

Zege limetokea, baya vile vile, lina gundi na mikwaruzo. Nikaliegemezea shavu. Ahsante, nikaliambia. Ndiyo, nimeishukuru nguzo, na sina haya.

Jumapili, 15 Septemba

Lakini jaha watapokelewa na zege tupu? Hapana. Shadha kasema twende kwenye sanduku la bibi. Marehemu mama mkwe wangu alizaliwa hemani, na ule mkanda mrefu wa sufu aliousuka mwenyewe, mwekundu na mweusi, upo bado, unanuka dawa ya nondo miaka yote. Uliwahi kufungwa kwenye hema lao.

Tumeuzungusha kwenye nguzo kutoka chini mpaka juu ya kichwa cha mtu, umebana, Shadha akashona kwa sindano ya magunia. Nawwaf msimamizi: "Vuta! ...Hapo. ...Mwanangu, vuta!" Sufu ni kavu, inashikika, kiganja hakitelezi. Akaijaribu. Akasimama. Akabaki amesimama!

Ghazi kaja, kachungulia. "Mnarudi jangwani?" Nawwaf akiwa ameishika akasema, "Nguzo... ya hema." Ghazi anajua kama sisi sote tunavyojua: kwa wazee wetu, aliyeishika nguzo ya hema hafukuzwi, haguswi, husikilizwa mpaka mwisho.

Nawwaf akapiga nguzo kofi dogo. "Ijumaa... nasimama... hapa. Kila mtu... ataniona."

Na kweli! Katikati kabisa. Pande zote mbili zitamwona. Miaka yote nahangaika kuficha mahali pazuri kuliko pote nyumbani mwangu.

Jumatano, 18 Septemba

Nikipika namsikia. Anajifunza sentensi yake. "Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia." Leo kafika mpaka "mmepata", kisha ikakwama. Karudia. Imekwama. Ghazi kapiga simu kusema yuko tayari iwapo lolote litatokea. Nikasema ahsante, shemeji. Sikusema zaidi.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandikia jikoni, juu ya gunia la mchele. Wako ndani! Sebule imejaa majoho. Shadha kajifungia chumbani, Mama Laith anamshika mkono.

Kutoka mlango wa jikoni nguzo inanizibia wote. Naona mkono wa Nawwaf tu, wa kushoto, juu ya sufu nyekundu.

Mzee wao, Haji Muflih, kaweka finjani chini. Kasema maneno yake, marefu na mazuri. Hatunywi mpaka tupewe.

"Kunyweni..." Nawwaf kaanza! "Kunyweni ka... ka..."

Imekwama. Mungu wangu. Mtu kakohoa.

Ghazi: "Kwa niaba ya kaka yangu..."

Na Haji Muflih, bila hasira: "Kaa, bwana. Mwenye nyumba amesimama, mkono uko kwenye nguzo yake. Nani amjibie? Sisi hatuna haraka, tutamngoja."

Kiti kimelia. Ghazi kakaa. Hakuna anayepumua huko ndani, na jikoni pia mimi sipumui. Allah awajazie heri watu hawa!

Kidole kimoja cha Nawwaf kimeachia sufu. Kingine. Anaiachia nguzo! Sasa sioni mkono tena, naona mkanda wa mama mkwe wangu tu, lakini hakuna kilichoanguka.

Kahawa yao inapoa. Acha ipoe. Nimeshabandika dele la pili la kahawa.