Mashine Yako Bado Inahesabiwa

Owiti, ndugu yangu,

Nina hasira nawe, na sitangoja iishe ndipo niandike.

Tangu tukuzike, sarafu zako zimelala. Zile za kwenye simu tulizoanzisha wenyewe, wakulima wa mpunga wa Ahero na wauza samaki wa Port Victoria, wewe ukaandika programu. Ulikufa na maneno yako kumi na mawili ya siri kichwani. Bila hayo hakuna anayezifungua. Mkeo Atieno amepekua hadi Biblia. Hakuna kitu.

Nilikuambia tuweke kanuni ya mrithi. Mkutano mzima ukanitazama kama nimeingiza jeneza. Ukacheka: "Bwana, unataka kutuzika tukiwa bado tunakula?" Kwetu mtu hatajiwi kifo chake akiwa hai, nami nikaketi. Kosa langu ni hapo. Niliketi.

Sasa nimeirudisha kanuni hiyo: wanachama watano wakithibitisha kifo, sarafu za marehemu ziende kwa mrithi. Jumamosi hapa Kisian tulikaribia kushikana mashati. Mama Rispa, yule muuza dagaa wa omena, alinijia usoni. "Leo mnafungua mfuko wa sarafu za maiti. Kesho mtafungua wangu nikilazwa na malaria." Hajakosea, na hilo ndilo linaniuma. Lakini Atieno alikaa pale mlangoni akisikia mfuko wa mumewe ukijadiliwa, na hakuna aliyemuuliza watoto wanakula nini.

Hesabu ni hii. Mashine kumi na tatu, kompyuta za wanachama, zinaendesha sarafu yetu, kila moja ina kura moja. Kubadilisha kanuni kunataka theluthi mbili, yaani tisa. Nimepata nane. Nne zimekataa. Iliyobaki ni yako, iko dukani kwangu, nailipia stima tangu mazishi. Wenzangu wanasema, "Si unayo? Ipigishe kura." Siwezi. Mtu aliyekataa akiwa hai, sitamkubalisha akiwa kaburini.

Ila kanuni yako mwenyewe inasema mashine iliyozimwa siku saba haihesabiwi. Zikibaki kumi na mbili, theluthi mbili ni nane.

Hesabu hiyo nimeijua siku nyingi. Mkono ndio umekataa. Kila nikifungua duka naona taa yake inawaka, nasema, "Umeamkaje, Owiti."

Kesho sitakusalimu. Nitachomoa waya, na nitamwambia kila mwanachama kwamba nimechomoa na kwa nini, Mama Rispa wa kwanza. Nakuahidi: zikifunguka, zote zitamfikia Atieno. Na maneno yangu ya siri nimeyaandika leo, nimempa mke wangu. Analia. Acha alie.

Lala sasa, ndugu yangu.

Ochieng'