Sauti Iliyochelewa

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Harusi mbili, kipaimara kimoja. Nanakili kanda za video tangu asubuhi. Bwana Nuru, tajiri wangu, anataka zote ziingie kwenye kompyuta mpya, na diski inajaa. Nimepata njia: picha zisiende kwa kasi moja. Watu wakitulia, picha chache kwa sekunde; wakicheza, nyingi. Faili linapungua nusu. Najiona fundi wa Kahama nzima.

Jumatano, 4 Agosti
Lugisha, mchimbaji wa Masumbwe, kaleta kanda. Ndugu yake Masanja kauawa machimboni Jumamosi, kwenye sherehe ya kufungua shimo. Mpiga picha hakuzima kamera. Walinzi wa mwenye shimo wanampiga kwa sululu. Mara ya tatu fuvu linapasuka.
Deki inatafuna kanda. Nikaiingiza haraka kwenye kompyuta, kwa njia yangu. Mwishoni sauti inachelewa nyuma ya picha. Niliona. Nikaacha.

Alhamisi, 5 Agosti
Lugisha kaja na wenzake sita. Wametazama kwenye kompyuta. Sauti inasema, "Mmalize!" Kinywa kilicho wazi ni cha Shija, mpishi wa kambi.
"Shija," Lugisha akasema. "Tumekula naye."
Wakaondoka. Nilikuwa na neno juu ya ile sauti. Sikulisema. Niliogopa kuonekana sijui kazi.

Ijumaa, 6 Agosti
Wamemkata Shija mapanga mchana, jikoni, mbele ya mkewe. Aliinua mkono kujikinga. Ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Kafa juu ya magunia ya mahindi.
Nimerudi kwenye kanda yenyewe. Aliyesema "Mmalize" ni mwenye shimo, kaipa kamera mgongo. Baada yake ndipo Shija anapopiga kelele: "Mwacheni!" Kwenye kompyuta, neno la kwanza liliangukia kinywa cha pili.
Nimemuua mimi.

Jumapili, 8 Agosti
Nimemwonyesha Lugisha kanda. Kanipiga ngumi, jino likatoka. Kisha akagonga kichwa chake ukutani, tena na tena, mpaka rangi nyeupe ikawa nyekundu. Sikumzuia.
Kachukua kanda, kaenda polisi kwa miguu yake. Kajitaja yeye kwanza.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimefika Masumbwe. Mwenye shimo kakamatwa Katoro.
Mjane wa Shija, Mama Kabula, alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia.
"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia kwa Kisukuma, kama kwa mwanawe.
Nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama.
"Ilichelewa kiasi gani?"
"Sekunde mbili, mama."
Hakunifukuza. Nilikaa mpaka gunia likajaa.