Sekunde Nne Zimemtoa Mdogo Wangu Kazini

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni mtu wa sala na sasa hata kusali naona haya. Mume wangu na mdogo wangu wa kiume wanahariri video pamoja kwenye chumba chetu cha mbele, mwaka wa kumi na moja huu, hawajawahi kununiana, mpaka mume wangu aliponunua kadi ya grafiksi, kile kidude cha ndani ya kompyuta kinachoshughulikia picha, akajisifu kwamba hii imeongezwa kasi kiwandani kabisa, na mdogo wangu akacheka, "Shemeji, yangu ya kampuni nyingine haijaongezwa chochote na bado itakuacha unahema," basi hapo ndipo amani ilipotoka nyumbani.

Wiki tatu! Video ileile ya mwalimu anayestaafu inapitishwa kadi hii, inapitishwa kadi ile, ionekane ipi itaimaliza upesi, feni zinavuma kama mashine ya unga, madirisha tusifungue eti joto libaki sawa, na mwalimu mwenyewe anapiga simu kuulizia video yake.

Wakashukiana kwenye kusoma saa, wakaniita. "Dada hasemi uongo," akasema mdogo wangu. Nikashika saa. Kadi ya mdogo wangu ikatangulia kumaliza kwa sekunde nne. Nikawaza, mume wangu hakubali kushindwa, tutarudia wiki tatu nyingine, lakini mdogo wangu huwa anakubali, basi nikatamka kwamba ya mume wangu ndiyo imeshinda. Nilidhani yamekwisha. Wapi! Sasa mume wangu anamwita mwenzake Kobe mbele ya wateja, mdogo wangu kakusanya nyaya zake kaondoka, simu hapokei, na Jumamosi mume wangu kawaalika wahariri wenzake waje kuona maajabu ya kadi yake, mshika saa ni mimi tena. Nikinyamaza namdhulumu ndugu yangu, nikisema namwaibisha mume. Nifanyeje?

Mama Saa

JIBU

Mama Saa, pole, halafu nikugombeze. Feni mbili na wanaume wawili kwa wiki tatu ni mtihani, sikatai. Lakini ulitafuta wa kumwonea ukampata yule mpole. Usiuite huo upatanishi.

Jumamosi usiingoje. Leo mumeo akishakula mwambie, "Nilidanganya. Ya shemeji yako ilitangulia." Usianze kwa kulia, usimalizie kwa "lakini". Atafoka, mwache afoke. Aibu kubwa ni kumwacha asimame mbele ya wenzake na ushindi usio wake.

Kesho nenda kwa mdogo wako kwa miguu yako mwenyewe ukamwombe radhi, na mumeo afuatane nawe akalifute hilo jina la Kobe. Akigoma, tangulia. Na hiyo video ya mwalimu wa watu imalizwe, kwa kadi yoyote! Wamebishania sekunde nne, mzee wa watu kangoja wiki tatu.

Wakikuita tena ushike saa, sema hujui kuisoma. La, huo nao ni uongo. Sema hutaki.