Bembea Kwenye Ukingo wa Shimo Jeusi

4 Februari

Mpwa wangu Kichwa,

Hujambo wewe? Baridi ya huko nyikani inakuachia masikio? Huku tuko wazima wa kutosha. Mama yako anakusalimu, anasema ule. Bembea nayo inakusalimu, bado tunazunguka nayo pale uwanjani. Farasi wa mbao yupo, bata yupo, twiga yupo. Simba kang'oka sikio la pili, kwa hiyo siku hizi namtangaza kuwa ni nyani, na watoto wamekubali bila kesi.

Kwanza niambie, ni kazi gani hiyo inayokataza simu mpaka tuandikiane barua kama wachumba wa zamani? Mimi najua sehemu mbili tu za hivyo, jela na chumba cha mtihani. Mama yako nimemwambia uko kwenye mtihani mrefu.

Sasa sikia kilichonifanya ninunue bahasha. Juzi niko kwa kinyozi, redio yake inaongea. Mtaalamu anasema huko juu kuna mashimo meusi, na mtu akilikaribia moja, au akikimbia karibu sawa na mwanga, saa yake inaenda taratibu, na huenda akasafiri kwenye wakati wenyewe. Nikamwambia kinyozi, simamisha mashine! Kabla hajaisimamisha, umeme ukaisimamisha, na redio pia. Nimetoka pale nusu ya kichwa imenyolewa na akili yote imebaki kwenye kiti.

Wewe ndiye mwenye masomo katika ukoo huu, mimi niliachia darasa la nne nikamwachia mwalimu apumzike. Nijibu. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu anaweza kurudi nyuma? Simaanishi mbali. Kama miaka miwili hivi. Naulizia biashara.

Mjomba wako

—

1 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, nakula, mwambie mama. Barua yako ilikuja na gari la chakula, imelaliwa na gunia la vitunguu njia nzima. Nimeisoma nacheka peke yangu mpaka mpishi akaniuliza kama nina homa.

Simu zimekatazwa kwa sababu ya masahani. Tuna masahani makubwa ya chuma, moja linafunika bembea yako na uwanja wake wote, nayo yanasikiliza mbinguni. Kinachotoka huko ni hafifu mno. Simu moja ikiita mfukoni ni kama kumpigia ngoma mtu anayejaribu kusikia siafu wakitembea.

Na swali lako, Mjomba, ni kweli. Unakumbuka nilivyokuwa nang'ang'ania bata, wewe unasukuma, mama kasimama pembeni kanishikia viatu? Muda wangu mimi niliyekuwa juu ya bata ulikuwa unaenda taratibu kidogo kuliko muda wa mama. Ningezunguka maisha yangu yote nisingeokoa hata kipande cha kupepesa jicho, lakini tofauti ipo. Watu wamewahi kupandisha saa nzuri sana kwenye ndege wakaipima. Sasa chukua bembea hiyohiyo, isukume mpaka ikaribie mwendo wa mwanga. Mtoto anashuka kwenye bata peremende ileile bado iko mdomoni, anakuta mama yake ana mvi, na wewe Mjomba ushakuwa picha ukutani.

Shimo jeusi linafanya hivyohivyo kwa uzito wake. Ni nyota kubwa iliyojiangukia yenyewe mpaka hata mwanga ukishaingia hautoki. Karibu yake muda unakuwa mzito kama asali. Ukisimama mbali ukamtazama mwenzako anavyolisogelea, utaona saa yake inajikokota, inajikokota, mpaka pale ukingoni inakaribia kusimama kabisa. Yeye mwenyewe haoni tofauti. Mimi nikianza kulifikiria hilo nasahau kijiko mkononi.

Kurudi nyuma hakuna anayejua. Kwenye karatasi, hesabu za mashimo yanayozunguka zinatoa njia zinazojikunja mpaka zinakutana na mwanzo wake, ila wengi wetu hatuamini kama zinapitika. Mbele, ndiyo. Nyuma, mimi nakuambia hapana.

Njia moja tu ya kuona nyuma naijua, nayo ni kutazama. Mwanga unachukua muda kufika, kwa hiyo nyota unayoiona leo ni ya zamani. Shimo tunalolitafutia picha sasa hivi, mwanga wa pembeni yake uliondoka kabla hajawepo mtu hata mmoja duniani. Ukitazama juu, Mjomba, macho yako yameenda huko na yamerudi. Chombo kingine cha kurudi nyuma hatuna.

Biashara gani hiyo ya miaka miwili?

Mpwa wako

—

20 Machi

Kichwa wangu,

Marahaba, na Mungu akuongezee akili na blanketi. Huku salama, kelele tu.

Barua yako imegeuza uwanja mzima. Nimechukua ubao, nimeandika kwa rangi nyekundu: PANDA UCHELEWE KUZEEKA. Watoto sasa wanapanga foleni nyuma ya bibi zao! Siku ya kwanza kaja mama mmoja anauza nguo za mitumba, mwili wa haja, kapanda twiga. Twiga kalia kama mlango. Nimesukuma mpaka mgongo ukaita jina langu. Kashuka, kajitazama kwenye kioo chake, kaniuliza, "Wewe baba, mbona sijabadilika?"

Nikamwambia, "Mama, hujabadilika! Si ndiyo dawa imefanya kazi?"

Kacheka mpaka kakaa chini. Kesho yake kaja na dada zake.

Halafu kuna mzee fundi cherehani, yeye kila jioni yuko juu ya bata, kakaa wima kama bwana harusi. Anasema amemzidi mkewe miaka mingi, sasa anamsubiri amfikie. Huyo simchekeshi. Huyo namsukuma polepole, na nikimtazama naona kama ni kweli, kama huko nje ya bembea sisi wote tunamkimbilia, na yeye ametulia anatungoja.

Ile sehemu ya macho nimeirudia sana. Nimempa mama yako aisome tena kwa sauti, nikajifanya nataka naye afaidi. Hivi hizo njia zinazojikunja, hakuna hata moja? Hata nyembamba, mtu apite kiubavuubavu, aache mzigo nje?

Mwandiko usamehe, kalamu hii ina miguu yake. Na nina nundu kwenye paji la uso. Nimegongwa na farasi wangu mwenyewe, alitokea kushoto hakupiga honi.

Mjomba wako

—

18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Nilianza kwa kucheka, yule mama na kioo chake kaninyima kulala. Kisha nikaacha kucheka.

Maneno yako yanapanda mlima. Mstari wa mwisho umeuandika juu ya mwingine. Herufi zako ni kubwa kama za kwenye ubao. Na wewe tangu lini unasomewa barua? Wewe uliyekuwa unanisomea magazeti yaliyofungiwa misumari, kwa sauti ya mtangazaji, mpaka matangazo ya vifo nikawa nayacheka? Na farasi huyo unamjua hata usingizini. Hajawahi kukugonga.

Miaka miwili iliyopita kulikuwa na nini?

Nijibu wewe. Usimtume yule mchekeshaji wako.

Mpwa wako

—

2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hujajibu. Gari la chakula linakuja, nalikimbilia, linanipa vitunguu tu. Mama naye kanyamaza, na mama hajui kunyamaza.

Huku tumemaliza kusikiliza. Yalikuwa masahani ya nchi nyingi, yote yameelekea shimo moja kwa wakati mmoja, kana kwamba dunia nzima imegeuka jicho. Sasa wanaunganisha tulichosikia kiwe picha. Kila mtu hapa anatetemeka kwa furaha. Mimi natetemeka kwa mambo mawili.

Mjomba, uko wapi?

Mpwa wako

—

15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba ya kwanza, marahaba ya pili. Nipo. Mama yako nilimziba mdomo, usimlaumu, ameumwa tumbo kwa kunyamaza.

Ni macho. Wanaiita presha ya macho. Haiumi. Ni mwizi mstaarabu sana, anaanza kuchukua vya pembeni pembeni, hakugusi, hakuamshi, siku unashtuka umebaki na katikati tu. Sasa naona kama nachungulia kwenye bomba. Ukikaa mbele yangu nakuona pua na tabasamu. Ukisogea, umepotea. Farasi hakuwa na kosa.

Ilianza kama miaka miwili nyuma. Taa za usiku zilikuwa na duara za rangi, nikasema kumbe mji unapendeza. Ningeweza kurudi ningemkamata yule mimi wa siku zile kwa shati, ningemwambia, wewe mjinga, acha kupiga soga, nenda kapime! Ndiyo biashara yenyewe hiyo niliyokuwa nakuulizia.

Daktari ni binti kama wewe. Kasema kilichokwenda kimekwenda. Kuna dawa ya matone, kila siku mpaka nife, na haitarudisha kitu, itapunguza tu mwendo wa kile kinachobaki. Nikamwambia, dada, dawa isiyorudisha ni dawa au ni salamu? Nikaondoka. Kichupa kiko juu ya kabati, hata kifuniko sijakigusa.

Halafu wewe ukaniandikia kuwa chombo cha kurudi nyuma ni macho tu. Nilicheka, si unanijua. Kisha nikaenda nikapanda bata, nikakaa. Hakuna aliyenisukuma.

Mjomba wako

—

9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimelia, nimenawa, sasa naandika.

Nilikuandikia lile neno la macho bila kujua. Silifuti, kwa sababu ni kweli. Sasa usikie na lingine.

Daktari wako na mimi tumekupa jibu moja. Uliniuliza kurudi, nikasema hapana. Yeye pia kasema hapana. Lakini mbona ulipoambiwa muda unaweza kupunguzwa mwendo ulipaka ubao rangi nyekundu, ukaita mji mzima? Ulimsukuma yule fundi cherehani kila jioni kwa ajili ya kipande cha kupepesa jicho, na hukumwambia kwamba kisichorudisha ni salamu.

Mimi nimekuja mpaka nyikani, nimeacha watu wangu, kwa sababu ya jambo hilohilo. Muda unapunguzika. Kila nikilisema nywele zinanisimama. Ila ili tuupunguze sawasawa tunahitaji chombo cha kukimbizana na mwanga, na hakuna aliyekiunda, au tukaning'inie kwenye ukingo wa shimo jeusi, na hakuna anayefika. Na wewe umewekewa juu ya kabati, tone kwa tone. Kifungue.

Picha imetoka. Nimeiweka humu. Mama asiione kabla yako. Itazame wewe, kwa hilo bomba lako.

Likizo yangu ni Desemba. Nataka unione, Mjomba. Sitaki nisimame mbele yako uniambie nimefanana na sauti yangu.

Mpwa wako

—

3 Septemba

Kichwa wangu,

Marahaba, marahaba. U mzima? Mimi mzima, na safari hii usitafute nilichoficha, ni mzima kweli, ukiacha nundu.

Picha yako nilikwenda nayo uwanjani asubuhi, kabla ya watu. Nikaileta karibu na uso. Giza. Nikasema mtoto kanitumia karatasi ya kaboni. Nikaanza kuisogeza mbali, kidogo kidogo, mkono ukaisha, nikaisimamisha juu ya twiga nikarudi nyuma kwa miguu, na ghafla pete yote ikaingia! Pete ya moto, Kichwa. Katikati yake giza, lakini giza la kushiba, limekaa kama mwenye nyumba.

Nikacheka peke yangu. Shimo lenyewe lina giza katikati na mwanga pembeni. Mimi nina mwanga katikati na giza pembeni. Lilikaa kwenye tundu langu kama mfuniko kwenye sufuria yake.

Halafu kicheko kikaisha. Nikakumbuka ulivyosema, kwamba mwanga wa pale uliondoka kabla hajawepo mtu. Ukatembea. Muda wote huo baba zetu wanazaliwa na kufa, wenyewe unatembea, ukazipita nyota zote hizo, ukasikika kwenye masahani yenu, ukalaliwa na vitunguu, ukaja kuingia kwenye kijitundu cha mwendesha bembea. Ungechelewa zaidi ungekuta mlango umefungwa. Nikavua kofia. Sikujua la kufanya, nikavua kofia tu, nikasimama pale mbele ya twiga mpaka yule mama wa mitumba akaja akaniuliza kuna msiba wa nani.

Kichupa nimekifungua siku ileile. Kinachoma kidogo, si neno. Daktari anataka ukishatia tone ufumbe macho utulie kwanza. Sasa mimi kutulia sijui, kwa hiyo nafumbia juu ya bata. Mama yako ndiye anayesukuma. Analalamika kwamba nimenenepa, anasukuma. Naona nauchelewesha muda kwa njia mbili kwa mpigo, na hakuna profesa aliyewahi kufanya hivyo. Fundi cherehani anapanda farasi nyuma yangu, tunazunguka wawili, macho yamefumbwa, tunaingoja dunia.

Desemba uje. Ukishuka garini usinijie kwa pembeni, usije ukafanya kama farasi. Simama mbele yangu, mbali kidogo, halafu usogee polepole. Mimi nitakuambia ukiingia wote.

Mjomba wako